Kreia ya Aphthonius: Insha Isiyojua Kubisha

Katika karne ya 4, mwalimu wa balagha aitwaye Aphthonius, mtu wa Antiokia na mwanafunzi wa Libanius, aliwaandikia vijana wa Kigiriki kijitabu cha mazoezi ya uandishi. Mazoezi yenyewe ni 14, yamepangwa kutoka jepesi kwenda zito. Mtoto anaanza na ngano, anapita kwenye kisa, kreia na usemi wa hekima, kisha kukanusha na kuthibitisha, hadi siku anapoweza kutetea au kupinga mswada wa sheria. Kila zoezi lina maelezo ya mistari michache, halafu mfano ulioandikwa na mwalimu mwenyewe. Maelezo hayana la ajabu. Mifano ndiyo iliyokifanya kitabu kidumu. Wabizanti walikifundishia na kukiandikia fafanuzi, Ulaya ikakipokea kwa Kilatini, na toleo la Reinhard Lorich la karne ya 16 likachapwa tena na tena na kuingia katika shule za sarufi za Uingereza. Leo hii, huko Marekani, shule zinazojiita za elimu ya kikale pamoja na wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani wamelirudia zoezi la tatu, karibu kama lilivyokuwa.

Zoezi hilo la tatu, kreia, lina watetezi na wapinzani wengi. Wa upande huu husifu nidhamu na mapokeo, wa upande ule hulaumu kukariri. Wanaofungua ile insha ya mfano na kuisoma kama wanavyosoma shairi, wakitazama lipi limetangulia, lipi limerefushwa na lipi limeachwa, ni wachache. Nayo ni fupi: ukinywa chai polepole utaimaliza kabla ya kikombe.

Kreia ni habari fupi ya mtu mashuhuri aliyesema neno, au aliyetenda jambo, au aliyefanya yote mawili, na ndani yake mna funzo. Aphthonius anatoa kielelezo kwa kila aina. Ya maneno ni Plato akisema kwamba matawi ya fadhila hustawi kwa jasho. Ya kitendo ni Pythagoras, aliyeulizwa maisha ya binadamu yana urefu gani, naye akajitokeza mara moja kisha akajificha. Ya mseto ni Diogenes, aliyemwona kijana asiye na adabu akampiga mlezi wake huku akimuuliza mbona anamfundisha hivyo. Mlezi huyu alikuwa mtumwa wa nyumba, kazi yake kumpeleka mtoto shule, kumrudisha na kumchunga njiani. Tutakutana naye tena, na safari hiyo fimbo atakuwa ameishika yeye.

Mtoto akishapewa kreia yake, ambayo kwa kawaida ni sentensi moja tu, anatakiwa aijengee insha yenye vichwa vinane kwa mpangilio usiobadilika. Amsifu msemaji. Aurudie usemi kwa maneno mengine. Aeleze sababu ya kuwa kweli. Aonyeshe kinyume chake. Alete mlinganisho, kisha mfano wa mtu, kisha ushahidi wa wakongwe. Amalizie kwa hitimisho fupi. Sentensi aliyoichagua Aphthonius kwa mfano wake ni ya Isocrates, aliyekuwa na shule ya balagha mjini Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kwamba mizizi ya elimu ni michungu lakini matunda yake ni matamu. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Mchumia juani hulia kivulini, na tumemaliza.

Insha inaanza na sifa. Isocrates astahili kustaajabiwa, kwani sanaa yake imepata jina kwa sababu yake, wala si yeye aliyepata jina kwa sababu ya sanaa. Wafalme aliwapa sheria, watu binafsi aliwapa ushauri, na kuyaeleza yote ni kazi ndefu. Basi na tuangalie tu alivyofikiri kuhusu elimu. Msomaji wa leo huona hapa uchawa. Lakini tazama mwendo wa aya hii. Imeanza na jina kubwa, ikataja mema mengi, ikakiri kwamba hayahesabiki, kisha ikatumia wingi huo kama kisingizio cha kuyaacha yote na kushika moja. Kwa sentensi chache mtoto amejifunza namna ya kuingia kwenye mada bila kugugumia na bila kuzunguka mbuyu. Nimesoma utangulizi wa tasnifu nyingi za shahada ya uzamili ambazo hazijui kufanya jambo hilo.

Kichwa cha pili ni sentensi moja tu, na ni rahisi kuiruka. Aphthonius anaurudia usemi: anayependa elimu huanza na taabu, lakini taabu hizo huishia katika faida. Kilichopotea ni mti. Mizizi imeondoka, matunda yameondoka, uchungu na utamu vimeondoka, zimebaki taabu na faida, maneno makavu yasiyo na picha. Hilo limefanywa kwa makusudi. Mtu anaweza kuikariri sitiari kwa miaka kumi na asijue inasema nini, kwa kuwa picha yenyewe humpa raha ya kutosha. Kumtaka mtoto aivue sitiari picha yake na aseme kilichobaki ni kumpima kama amepata maana au amepata sauti tu. Ni mtihani wa sentensi moja, na mtu anaufaulu au anaanguka, hakuna katikati.

Kisha inakuja sababu, kichwa cha tatu, na hapa insha inabadilika kabisa.

Kwa nini mizizi ya elimu ni michungu? Ungetegemea jibu la jumla kuhusu bidii na uvumilivu. Badala yake tunaletewa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni mwalimu: kumkaribia kunatisha, na kumwacha ni upumbavu. Hofu inawaandama watoto wakiwa mbele yake, na inawaandama hata kabla hawajafika. Wa pili ni yule mlezi wetu: anatisha kumtazama, na anatisha zaidi anapopiga. Woga hutangulia kosa, na adhabu huja nyuma ya woga. Walezi hawa huyafuatilia makosa ya watoto, ila mambo mazuri wanayoyafanya watoto huyahesabu kuwa ni yao wenyewe. Wa tatu ni baba, naye ni mkali kuliko mlezi. Anakagua njia mtoto anazopita, anamwamuru anyooke, soko analitilia shaka. Na ikilazimu kumwadhibu, anajisahau kwamba ni baba.

Hii ndiyo aya ndefu kuliko zote katika insha, na ndiyo pekee yenye watu wanaopumua. Imepangwa kwa ngazi. Tunatoka kwa mwalimu, ambaye ni mtu wa nje, tunapita kwa mlezi, ambaye ni mtu wa nyumbani ingawa si wa damu, tunafika kwa baba, na kila tukikaribia nyumbani ukali unazidi. Mtoto aliyekuwa akiinakili insha hii alikuwa amesindikizwa asubuhi hiyo na mlezi wa namna hiyo hiyo, na jioni angekaguliwa na baba wa namna hiyo hiyo. Ile sentensi kuhusu walezi, kwamba kosa ni la mtoto na sifa ni ya mlezi, haina ulazima wowote katika hoja. Isocrates hakusema chochote kuhusu nani anapewa sifa. Ni malalamiko. Yamepenyezwa ndani ya ushahidi, yakavikwa nguo za hoja, na mwalimu anayesahihisha hawezi kuyafuta kwa sababu yamekaa mahali panapotakiwa kuwa na sababu.

Tena angalia mizani. Usemi wa Isocrates una pande mbili zilizolingana, uchungu huku na utamu kule. Aya ya sababu inajaza uchungu mstari baada ya mstari, kisha utamu unakuja katika sentensi moja ya mwisho: mtoto aliyepitia hayo akifika utu uzima huvishwa taji la fadhila. Basi. Hatuambiwi taji hilo linafananaje, anavishwa na nani, anafurahi vipi. Matunda yametajwa kwa jina tu, ilhali mizizi tumetafunishwa. Sidhani Aphthonius alikosea vipimo. Mwandishi makini wa kiwango chake anajua aya inaelemea wapi.

Karibu miaka 300 kabla yake, mjini Roma, Quintilian alikuwa ameandika waziwazi katika kitabu chake kikubwa cha malezi ya msemaji kwamba hapendi watoto wapigwe: ni jambo la kudhalilisha, linafaa watumwa (hivyo ndivyo alivyoona, na wala hakuona haya), na mtoto asiyesikia maneno atazoea fimbo vilevile. Aphthonius hajengi hoja kama hiyo. Hapingi fimbo hata kwa neno moja. Alichofanya ni kumpa anayepigwa aya nzima ya kueleza inavyokuwa. Kama fani, naona hilo limefika mbali zaidi ya hoja, ijapokuwa kama msaada kwa mtoto halikumpunguzia hata kofi moja.

Baada ya kilele hicho insha inashuka. Kichwa cha nne, kinyume, kinasema kwamba mtoto akiogopa mambo hayo, akawakimbia walimu, akawatoroka wazazi, akawakwepa walezi, basi atakosa elimu kabisa. Ameitupa hofu na elimu imekwenda nayo. Watu watatu wamerudi, safari hii mtoto akiwa ndiye mtendaji na wao wakikimbiwa. Ufundi upo. Lakini hapa ndipo panapoonekana ufa ambao insha nzima inao. Neno kinyume linamfanya msomaji angoje mtu wa kubisha, mtu atakayesema kwamba Isocrates amekosea. Hatokei. Kinyume cha Aphthonius ni upande wa pili wa sarafu ile ile: ukivumilia utafaulu, usipovumilia hutafaulu. Mtoto amegeuza hoja yake nyuma mbele, hajakutana na hoja ya mtu mwingine.

Mlinganisho ndio mbaya kuliko vyote. Kama vile wakulima wanavyotupa mbegu ardhini kwa taabu na kuvuna kwa furaha, ndivyo wanaoitafuta elimu wanavyopata sifa baada ya taabu. Ala! Usemi wa Isocrates ulikuwa wa mti tangu mwanzo. Kichwa cha pili kilifanya kazi ya kuung'oa mti huo, na kichwa cha tano kinaupanda upya shambani kana kwamba ni mbegu mpya. Lawama zinaiangukia zaidi sheria kuliko mwandishi. Sheria inadai mlinganisho hata pale usemi wenyewe ni mlinganisho, na sheria isiyo na ruhusa ya kuruka humlazimisha hata bingwa kujaza nafasi.

Mfano wa mtu ni Demosthenes, na hapa pana nafasi kubwa iliyopotezwa. Aphthonius anasema mzungumzaji huyo alijitaabisha kuliko wote akatukuka kuliko wote, hata akajivua pambo la kichwa akiona pambo la fadhila ni bora zaidi, na kwamba alitumia kwa taabu kile ambacho wengine hutumia kwa anasa. Pambo la kichwa ni nywele. Mwandishi wa wasifu Plutarch ana kisa chenyewe: Demosthenes alijichimbia chumba chini ya ardhi cha kufanyia mazoezi, akanyoa upande mmoja wa kichwa ili aone aibu kutoka nje, akakaa humo miezi miwili au mitatu mfululizo. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa, amejifungia chini ya ardhi kwa hiari yake! Aphthonius anakijua kisa hiki, anategemea msomaji anakijua, na anakibana mpaka kinabaki fumbo la adabu. Mtoto anafundishwa kudokeza kile ambacho angeweza kusimulia.

Ushahidi wa wakongwe unarudisha heshima ya insha. Anayeletwa ni mshairi Hesiod, aliyesema njia ya fadhila ni ngumu na kilele chake ni rahisi. Wanafunzi wengi, wa zamani na wa sasa, wangeutupa usemi huo hapo na kuendelea. Aphthonius anaongeza sentensi moja: kile Hesiod anachokiita njia ndicho Isocrates anachokiita mizizi, majina ni mawili, fikra ni moja. Kwa sentensi hiyo ushahidi umefungwa kwenye hoja, haukubandikwa. Ukitaka kumwonyesha mwandishi mchanga jinsi ya kunukuu mtu mkubwa bila kujificha nyuma yake, anzia hapa.

Halafu hitimisho: ukiyatazama haya, huna budi kumstaajabia Isocrates kwa alivyofikiri vizuri kuhusu elimu. Staajabu ya mwanzo imerudi mwishoni. Tumeingia tukimsifu, tumetoka tukimsifu, na katikati hapakuwa na kichwa hata kimoja ambacho kingeweza kutubadilisha nia. Vichwa vinane vyote vinasema ndiyo. Mtoto anajifunza njia nane za kukubali.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Aelius Theon wa Alexandria, ambaye kitabu chake cha mazoezi ndicho cha zamani zaidi tulichonacho, alimtaka mtoto afanye mambo mengi na kreia moja. Aisimulie, ainyambue kisarufi, aitolee maoni, airefushe, aifupishe. Lakini pia aipinge, tena aikanushe kwa misingi iliyotajwa: kwamba haieleweki, ina maneno ya ziada, ina pengo, haiwezekani, haiaminiki, si ya kweli, haina faida, au inatia aibu. Mwanafunzi wa Theon angeweza kumshika Isocrates koo. Angesema: si kweli kwamba kila mzizi ni mchungu, kwani yapo mafundisho yanayoanza kwa raha. Na angempata shahidi wa haja, maana Quintilian huyo huyo alipendekeza mtoto mdogo apewe herufi za pembe za ndovu achezee, ili kujifunza kuwe furaha tangu mwanzo.

Na kule kunyambua kisarufi, ambako kwa juu ni kazi ya kasuku, kuna vituko vyake. Kuna ubao wa mbao wa karne ya 3 kutoka Misri, sasa uko British Library, ambamo mwanafunzi alipewa habari ya mwanafalsafa Pythagoras kushuka chomboni, kuanza kufundisha herufi na kuwashauri wanafunzi wake wajiepushe na nyama. Mwanafunzi anaipitisha sentensi hiyo katika kila hali ya nomino ya Kigiriki, kwanza kwa mtu mmoja, kisha kwa wawili, kisha kwa wengi, mpaka Pythagoras wengi wanashuka chomboni kwa pamoja wakihubiri mboga. Ni upuuzi mtupu. Hata hivyo, sentensi ya mtu mkubwa ikishageuzwa geuzwa hivyo haitishi tena. Imekuwa kitu cha mkononi, na kitu cha mkononi ni rahisi kukitilia shaka. Nadhani Theon aliweka kupinga baada ya kunyambua kwa sababu alijua anachofanya.

Aphthonius alikuja akapunguza. Haikuwa kwamba alifuta kukanusha kabisa, kwani zoezi lake la tano ni hilo hilo. Ila amelihamisha. Mfano wake wa kukanusha ni kisa cha Daphne, binti aliyefukuzwa na Apollo akageuka mti: anaonyesha kwamba kisa hakiwezekani na hakiingii akilini. Katika zoezi la sita anakichukua kisa hicho hicho na kukithibitisha. Ni mazoezi mazuri, mtoto anaona kwamba jambo moja lina pande mbili. Lakini ni pande mbili za nini? Za binti aliyeota matawi. Neno la mwenye hekima limewekwa pembeni pasipofikiwa, na pamoja nalo fimbo ya mwalimu. Mtoto anaruhusiwa kubisha habari za miungu, ila haruhusiwi kubisha kwamba elimu lazima iume.

Na aliyepunguza ndiye aliyeshinda. Walimu walikipenda kitabu chenye mifano iliyokamilika, jambo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kuingia darasani Jumatatu asubuhi bila maandalizi. Kitabu cha Theon, chenye nasaha nyingi na mifano michache, kilipangwa upya na watu wa baadaye ili sura zake zifuate utaratibu uliokuwa umezoeleka, na sehemu zake za mwisho zimetufikia kwa tafsiri ya Kiarmenia tu.

Sasa niruhusu nivuke bahari, kwa sababu sisi tuna kreia yetu. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mtahiniwa huandika insha mbili za alama 20 kila moja, ya kwanza ya lazima na ya pili ya kuchagua, na miongoni mwa za kuchagua swali la methali ni mkazi wa kudumu. Mtahiniwa hupewa methali na kutakiwa kutunga kisa kinachodhihirisha maana yake. Sikiliza jinsi insha hizo zinavyofunguliwa na maelfu ya watoto: wahenga hawakutoka kapa waliponena, wahenga na wahenguzi hawakupiga uongo walipolonga. Hicho ni kichwa cha kwanza cha Aphthonius, ila msemaji hana jina. Kwa kuwa hana jina, sifa hazina la kushika. Hatuambiwi mhenga alifanya nini, alimshauri nani, kwa nini asikilizwe. Baada ya hapo linakuja jua likichungulia kutoka mawinguni na ndege wakimsifu Mola, mapambo yaliyokaririwa kutoka kijitabu cha mianzo ya insha, kisha kisa.

Haki yetu nitaisema. Kisa ndicho Aphthonius alichokosa. Mtahiniwa wa Kenya angepewa Demosthenes angeandika insha nzima ndani ya kile chumba cha chini, kwa giza lake, wembe wake na mama anayebisha hodi. Watoto wetu wanajua kusimulia. Wasichofundishwa ni vile vichwa vya katikati: sababu, ushahidi uliofungwa kwenye hoja, na hata ule uvuaji wa sitiari kwa sentensi moja. Tumebaki na mlango wa insha ya kikale na ua lake, tukavunja vyumba. Matokeo yake, ugumu wa sheria umehamia kwenye urembo. Mtoto wa Antiokia alifungwa mpangilio wa fikra akaachiwa maneno, mtoto wetu amefungwa maneno akaachiwa fikra, na fikra iliyoachiwa bila kazi inalala.

Kuhusu kubisha, tuko mahali pamoja na Aphthonius. Karatasi hiyo hiyo huwa na swali la mjadala, lakini methali yenyewe haijadiliwi. Inadhihirishwa. Chukua mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtahiniwa ataleta kijana maskini aliyesoma kwa taa ya kibatari akawa daktari. Hawezi kuandika habari za mama wa Likoni anayeinama tangu alfajiri kufua nguo za watu, mwaka baada ya mwaka, na cha mvunguni kikaenda kwa mwenye nyumba ambaye hajawahi kukunja mgongo. Akiandika hivyo, hata kwa Kiswahili kinachong'aa, ataambiwa amepotoka kimaudhui. Kwa misingi ya Theon, amekanusha usemi kwa kuonyesha kwamba si wa kweli kwa watu wote.

Wala asidhani mtu kwamba kubisha ni ugeni tunaotaka kuuagiza kutoka Alexandria. Methali zetu zenyewe zinabishana. Anayesema haraka haraka haina baraka atajibiwa papo hapo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna mhenga anayekasirika. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mgumi wa Lamu, mji kwa mji, na majibizano ya aina hiyo yaliendelea baadaye katika kurasa za mashairi za magazeti, ambako mshairi alitupa fumbo na mwenzake akalifumbua au akalitupilia mbali. Ni darasani tu ambako usemi wa wazee huingia ukiwa umeshinda kesi kabla haijasikilizwa.

Darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya litafanya KCSE mwaka 2027. Wanaotunga mitihani itakayofuata wana nafasi ya kuongeza swali moja, nami nawaomba waliongeze: mpe mtahiniwa methali, mwambie aivue sitiari yake kwa sentensi moja, aitetee kwa sababu na ushahidi katika aya mbili, kisha aikanushe katika aya mbili nyingine. Alama ziwe zile zile 20. Na mtahini asimkate mtoto hata nusu alama kwa sababu ya upande alioegemea mwishoni.